Duka la vyakula vya mifugo Tengeru: dokta anakagua hori kabla ya kufungua begi la dawa

Habari zenu wafugaji wenzangu. Naandika hii hasa kwa watu wa Tengeru, Usa River, Kikwe, Akheri na huko juu mlimani wenye ng'ombe mmoja au wawili bandani, maana kila siku naona mtu anauliza chakula kizuri cha ng'ombe wa maziwa kinapatikana wapi na wanaojibu wengi wanatangaza mifuko yao wenyewe. Mimi siuzi chochote. Mama yangu ndo anafuga, mimi nafanya manunuzi na kumlipa dokta wa mifugo wa hapo dukani, na kwenye hili duka tuko mda mrefu sasa. Nikipima yote, huduma, bidhaa na bei, nawapa nyota nne kati ya tano. Dokta kaomba jina la duka lisizungushwe mitandaoni kwa sababu simu anazopigiwa tayari zinamzidi, kwaiyo naelekeza tu: ukitokea sokoni unavuka barabara kubwa ya Arusha Moshi, upande wa mlimani, utaona marobota ya hei (majani makavu) yamepangwa nje chini ya turubai na mzani mkubwa mlangoni. Huo mzani ndo ulionifanya niingie.

Kilichonifanya nibaki ni vile dokta anavofanya kazi. Mama ana ng'ombe chotara wa Friesian, uzao wa tatu, kazaa vizuri kabisa, maziwa yakapanda alafu ghafla yakaanza kushuka. Leo anakula kesho anaacha, kinyesi kimelegea kina mapovu, manyoya yamesimama. Walishapita watu kumtibu, mmoja akachoma antibayotiki, mwingine akampa dawa ya minyoo na maltivitamini, hela inatoka, maziwa yanaendelea kushuka, na hayo machache yanayopatikana ni ya kumwaga kwa sababu ya sindano. Nikaenda pale dukani nataka dawa yenye nguvu zaidi. Dokta akagoma kuniuzia, akasema hauzi antibayotiki kwa ng'ombe ambaye hajamwona, tukapanda pikipiki tukaenda.

Kufika kamwamkia mama shikamoo, mama anamwelekeza kwa ng'ombe, yeye kapita moja kwa moja mpaka kwenye hori. Kaingiza mkono hadi chini kabisa kwenye kona, katoa mabaki, kanusa. "Mama, jana huyu alikula nini, na alianza na kipi?" Mama akamwambia sado mbili (yale makopo ya kupimia) za pumba na paraza, yaani mahindi yaliyopasuliwa, asubuhi wakati wa kukamua, sado mbili jioni, katikati majani kadri kijana atakavoleta. "Na maji?" Ndoo asubuhi na ndoo jioni. Mpaka hapo hata kipima joto kilikuwa hakijatoka kwenye begi.

Alafu akavaa glavu, akachukua kinyesi kibichi, akakiweka kwenye chekecheo anayotembea nayo na kuomba maji ya kusuuzia. Jamani mlioko mbali jaribuni hii kitu, haina gharama. Maji yakapita yakaondoka na ule ujiuji, juu ya chekecheo zikabaki punje za paraza hazijaguswa na nyuzi ndefu za majani ambazo zilitakiwa ziwe zimeshasagika. "Mama ona, hela yako inatokea nyuma." Akasimama tu anamwangalia ng'ombe akicheua, midomo inahesabu kimya kimya. Ng'ombe aliyekaa sawa tonge moja analitafuna kama mara 50 mpaka 70 ndo anameza, huyu alikuwa anafika thelathini na kitu anameza, na mda mwingi amelala hacheui kabisa.

Maelezo aliyotoa nayaweka hapa kwa sababu ndo sehemu ambayo wengi hatuambiwi na ndo inayotumaliza hela. Lile tumbo kubwa, rumeni, lina vijidudu vingi mno na ng'ombe kimsingi anaishi kwa kazi ya hivo vijidudu. Ukimpa wanga mwingi kwa mpigo mmoja, paraza au pumba au unga, vinachachua haraka sana na tindikali inapanda. Kinachoishusha tindikali ni mate, na mate yanamwagika kwa wingi pale anapocheua, na kucheua kunatokana na majani yenye nyuzi za kutosha. Kwaiyo pumba nyingi majani machache maana yake tindikali juu mate chini, vijidudu vinavyosaga majani vinakufa, hamu ya kula inapotea, mafuta kwenye maziwa yanapungua, na hali ikiendelea miezi mtakuja kuona kwato zinauma na ng'ombe anachechemea, mtatibu miguu wakati ugonjwa ulianzia kwenye hori. Antibayotiki hapo inatibu nini?

Akatoa mzani mdogo wa kuning'iniza. Sado ya pumba ya mama haikufika kilo mbili. Sado ile ile ikijaa paraza ilikaribia tatu. Kwaiyo mama akisema sado mbili, siku pumba zimezidi ng'ombe anapata kidogo na siku paraza imezidi anapata mzigo wa wanga, na kijana hajui tofauti maana chombo ni kile kile. Akazungusha ile tepu ya kupimia uzito kifuani nyuma ya miguu ya mbele, ikasoma kama kilo 420. Hesabu yake ilikuwa hivi: ng'ombe wa maziwa anahitaji chakula kikavu kama asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, yaani kwa huyu kilo 12 na kitu. Matete mabichi karibu asilimia 80 ni maji. Mzigo wa kichwa anaoleta kijana, tuseme kilo 25, ukitoa maji umebaki na kilo 5. Mgomba tunaoukatakata kiangazi ndo kabisa, zaidi ya asilimia 90 ni maji, unajaza tumbo unatuliza kelele bandani lakini chakula hamna. Na maji ya kunywa nayo, ng'ombe anayekamuliwa anataka lita 60, 80, wengine zaidi wakati wa joto, maziwa yenyewe asilimia 87 ni maji sasa ndoo mbili zinatosha wapi?

Dawa aliyoandika ilikuwa hii: majani au hei kwanza ndo pumba zifuate, chakula cha nguvu, yaani pumba na paraza, kipunguzwe na kigawanywe mara nne kwa siku badala ya mara mbili, matete yakatwe vipande vya wastani yasisagwe yakawa vumbi, maji yakae bandani usiku na mchana. Sindano hakuchoma hata moja. Akachukua hela ya kutembelea tu akaondoka. Kucheua kulirudi wiki hiyo hiyo, maziwa yalichukua mda zaidi lakini yalirudi, na mama mpaka leo anapima kwa kilo.

Sasa bidhaa. Chakula cha ng'ombe wanachochanganya wenyewe, pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na ya pamba (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta), premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini), chokaa na chumvi, ni kizuri, kina lebo inayosema tarehe ya kuchanganywa, viambato na protini (wameandika asilimia 16, ambayo kwa ng'ombe wa lita kumi na kidogo inafaa). Nasisitiza tarehe kwa sababu mashudu yana mafuta, yakikaa mda mrefu kwenye joto yanachacha na ng'ombe anayakataa. Kuna duka jingine nilikuwa nanunua kabla, mifuko haina lebo yoyote, unauliza kimechanganywa lini unaambiwa juzi, kila ukienda ni juzi. Mashudu ya kule nilikuja kuyapima kwa njia ambayo hawa wa Tengeru wenyewe wanakuonyesha mlangoni: unaweka konzi moja kwenye glasi ya maji, unakoroga, unaacha yatulie. Mchanga unakaa chini unauona kwa macho. Ulikuwepo, na sio kidogo. Pale kwa dokta glasi iko juu ya kaunta, unajipimia mwenyewe kabla hujalipa, na sijawahi kuona muuzaji akinuna.

Kuvu nayo wanaichukulia serious, na mimi naona ni haki. Sumukuvu sio suala la ng'ombe tu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na ng'ombe akila mahindi mabovu au mashudu yenye kuvu, sumu ile ile inabadilika mwilini na kutokea kwenye maziwa, na kuchemsha maziwa hakuiondoi. Kwaiyo ile tabia ya kusema mahindi yameoza haya tuwape ng'ombe inabidi iishe, ni mtoto wako anayekuja kuyanywa. Pale mifuko imepangwa juu ya vichanja vya mbao haigusi sakafu wala ukuta, na nilishamkuta dokta anarudisha gari zima la pumba kwa sababu zilikuwa na unyevu katikati ya mifuko. Dereva kafoka sana, dokta kampa soda na pumba zikarudi. Mfugaji mkubwa anayetaka uhakika wanamwelekeza namna ya kupeleka sampuli maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) Temeke. Na kwa wanaodhani biashara hii haina mwenyewe, ipo Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, mfuko usio na lebo una haki ya kuukataa na kuuliza.

Madini: wanauza ya unga na jiwe la kulamba. Ushauri wao ni unga kwa ng'ombe wa maziwa, jiwe liwe nyongeza, kwa sababu ulimi haulambi vya kutosha kwa ng'ombe anayetoa maziwa mengi. Na wanakwambia wazi kwamba chumvi ya mawe peke yake sio madini, inakupa sodiamu basi, fosforasi hamna. Ukiona ng'ombe wako anatafuna mbao za banda, mifupa, nguo za kwenye kamba, usimwite mtundu, mara nyingi kapungukiwa fosforasi au chumvi.

Kitu ambacho sijakiona duka lingine lolote huku ni daftari la wajawazito. Ukimpandisha ng'ombe wako unaandikisha tarehe, wao wanahesabu miezi tisa, wanakupigia siku 60 kabla ya kuzaa umkaushe, yaani uache kumkamua, alafu wanakupigia tena zikibaki kama wiki tatu kukwambia ubadilishe chakula. Hizo wiki tatu ndo zenye siri ya homa ya maziwa, ule ugonjwa wa ng'ombe kuishiwa kalisiamu kwenye damu akizaa. Watu wengi wanafikiri ng'ombe anakaribia kuzaa basi tumjazie alfalfa na madini yenye kalisiamu nyingi ili ajiandae. Inakuwa kinyume. Mwili ukizoea kupata kalisiamu nyingi mdomoni unalala, hauchoti kwenye mifupa, sasa siku anazaa kiwele kinavuta kalisiamu nyingi kwa ghafla, damu inaishiwa na mwili haujaamka. Ndani ya siku 3 za mwanzo ng'ombe anaanguka. Jersey ndo wanaongoza kwa hili, na ng'ombe wa uzao wa tatu kwenda juu. Kalisiamu unaiongeza akishazaa.

Jirani yetu, mama mtu mzima tu anaishi na mjukuu, hakuwa kwenye daftari. Jersey wake alizaa jioni, usiku wakatuita kwamba ng'ombe amekufa. Tumekuta amelala, shingo kaigeuzia ubavuni, masikio ya baridi ukishika, pua imekauka, macho yapo ila hakuangalii. Dokta kaja na bodaboda. Kitu cha kwanza aliomba maji ya uvuguvugu, akaizamisha chupa ya kalisiamu kwenye ndoo, maana ikiingia ya baridi mwilini ni shida nyingine. Akamkalisha vizuri kwa kifua, akamwegemeza robota la majani asilale ubavu, akatafuta mshipa wa shingo, na ile dripu akaiachia polepole sana, mkono mmoja umeshika chupa mwingine umeweka kifaa cha kusikilizia moyo kifuani, kila mara anaibana anasikiliza, anaiachia tena. Mjukuu akauliza kwa nini asiimwage yote haraka, dokta akamjibu bila kugeuka, "ikienda haraka moyo unasimama, mwanangu." Chupa haijaisha misuli ikaanza kutetemeka, ng'ombe akacheua hewa, akajisaidia, baada ya mda akanyanyuka mwenyewe. Yule mama alilia. Dokta akabaki kumwambia ndama apewe dang'a (yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa) sasa hivi asisubiri asubuhi, kama lita 3 au 4 kwa mpigo wa kwanza kulingana na ukubwa wake, ikiwezekana ndani ya saa 6, kwa sababu utumbo wa ndama unafunga mlango wa kupokea kinga na baada ya siku moja hata ukimpa ndoo nzima inakuwa chakula tu. Na siku hiyo ya kwanza mama yake asikamuliwe mpaka tone la mwisho.

Ndo maana nasema kama una ng'ombe mwenye mimba nenda kajiandikishe hata kama chakula unanunua kwingine, daftari ni bure.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu zifuatazo na naomba kama dokta anasoma azifanyie kazi. Jumapili wamefunga na simu ya duka haipokelewi mpaka Jumatatu, ya dokta mwenyewe unaipata kwa bahati. Siku za soko, Jumatano na Jumamosi, foleni ni ndefu, hei inaisha saa nne asubuhi, na wale wanaonunua marobota hamsini kwa mpigo wanahudumiwa mbele ya mama aliyekuja na kiroba chake kutaka kilo kumi, hiyo sijaipenda kabisa. Dokta akiwa kwenye mizunguko anabaki kijana wa kaunta, ni mpole na mzani wake ni wa haki lakini ukimuuliza swali la lishe anakusomea lebo. Namwelewa, ila basi angefundishwa yale maswali matatu ya msingi, anakula nini, kilo ngapi, maji kiasi gani, ingesaidia sana wanaotoka mbali. Bei nayo iko juu kidogo, mfuko wa chakula unazidi wa maduka ya stendi kwa elfu kadhaa. Mimi nalipa kwa sababu mfuko usio na mchanga unaenda mbali zaidi, lakini najua kuna mwezi hela haipo, na duka halina mfuko wa kilo 25, ni 50 au upimiwe kwa kilo kwa bei ya juu zaidi. Naomba walitazame hilo.

Upande wa kuku ni dhaifu. Chakula cha vifaranga kinaisha mara kwa mara, na siku moja kijana alitaka kumpa mteja chakula cha kuku wa mayai badala yake, bahati dokta alikuwepo akakizuia, kile kina chokaa nyingi ya kujengea ganda la yai na kinaharibu figo za vifaranga. Wafugaji wa kuku nadhani mtafute kwingine kwa sasa. Mbwa na paka wana rafu moja tu, ila dokta anawatibu na ushauri wake ni ule ule wa kuanza na sahani: mbwa wa ugali mtupu anapungukiwa, umwongezee dagaa au mabaki ya nyama yasiyo na vitunguu, na paka hawezi kuishi kwa ugali na maziwa, lazima nyama au samaki.

Kwa kiangazi hiki ambapo wote tunashusha mabua kutoka tambarare, ombeni wawafundishe kuyatibu kwa urea, ile mbolea, ili yawe laini na yenye lishe zaidi. Sisi tumefanya: kwa kila kilo 100 za mabua yaliyokatwakatwa, kilo 4 za urea zilizoyeyushwa vizuri kwenye maji lita kama 60, unanyunyiza tabaka kwa tabaka, unakanyaga, unafunika kwa nailoni pasipite hewa, unaacha wiki 3. Ukifungua unaacha yapunge harufu kwanza ndo ulishe, unaanza kidogo kidogo. Ndama wadogo usiwape, rumeni yao haijakomaa, na maji yenye urea yasiachwe mahali ng'ombe anaweza kunywa, inaua ndani ya mda mfupi. Dokta hauzi urea kwa kazi hii mpaka akuone umerudia maelekezo kwa mdomo wako, kuna wanaoona anawachelewesha, mimi namuunga mkono.

Mkienda, nendeni Jumatatu au Alhamisi asubuhi, beba kopo unalopimia chakula nyumbani wakupimie kilo zake pale pale, na kiganja cha kila unachomlisha kwenye mfuko wa nailoni. Ukimkuta dokta hana wateja atakuchorea ratiba nzima kwenye karatasi, na hiyo hatozi hela.